Kitanda, Kiti na Miguu ya Mzee

  Ninyi mnaosikiliza redio, vuteni viti karibu. Na wewe unayelisoma somo hili katika kijitabu baada ya kulisikia, soma polepole. Weka kidole chini ya mstari ukipenda. Hapana haraka.

Leo ni somo la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya miguu. Swali letu ni hili: kwa nini mzee aliyekuwa akitembea vizuri mwaka juzi, leo hawezi kuinuka kitini pasipo kushikwa mkono? Wengi wetu hujibu upesi, "Ni uzee huo." Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Sehemu iliyobaki iliwachukua waganga miaka mingi kuigundua, na leo nitakuonyesha jinsi walivyoigundua.

Kabla ya kwenda mbali, tazama kwanza nyumbani kwako. Bibi akiinua ndoo, mjukuu hukimbia kumpokea. Babu akishika jembe, huambiwa, "Kaa, babu, sisi tupo." Akitaka kwenda dukani kununua sukari, hutumwa mtoto. Ndiyo heshima tuliyofundishwa, na mtoto asiyeinuka kumpokea mzee mzigo twasema hakulelewa. Mimi sisemi tuiache heshima hiyo. Iweke tu moyoni, maana tutairudia kabla somo halijaisha.

Sasa twende Uingereza. Huko, katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, waganga waliamini sana kwamba kitanda ni dawa. Mama aliyejifungua alilazwa siku nyingi asiruhusiwe kukanyaga chini. Mtu aliyeshikwa na ugonjwa wa moyo aliweza kulazwa wiki 6 nzima. Na mzee mgonjwa, je? Huyo alilazwa tu. Hakuna aliyemwekea siku ya kuinuka.

Mwaka 1935, katika hospitali ya West Middlesex iliyoko Isleworth, upande wa magharibi wa London, alikuwapo daktari mwanamke jina lake Marjory Warren. Mwaka huo hospitali yake ilikabidhiwa jengo la jirani ambalo lilikuwa la nyumba ya maskini. Nyumba za namna hiyo zilikuwa nyingi Uingereza. Mtu asiye na mali wala jamaa wa kumtazama alipelekwa huko, na mara nyingi hakutoka tena. Ndani ya jengo hilo mlikuwa na wagonjwa zaidi ya 700, wengi wao wazee. Kazi ya kuwatazama ikamwangukia Dr. Warren.

Hebu fikiri alivyowakuta. Kitanda kimefuata kitanda. Huyu amelala pale miaka kadhaa, na yule vilevile. Aliyepatwa na kiharusi, aliyevunjika mguu, aliyechanganyikiwa akili, na aliyekosa tu mahali pa kwenda, wote wamewekwa pamoja. Wanalishwa, wanaoshwa, wanageuzwa upande wa pili, basi. Waliowatunza hawakuwa watu wabaya. Waliamini kwamba hivyo ndivyo mzee anavyotunzwa.

Dr. Warren alifanya jambo moja ambalo tukilisikia leo twaliona dogo: aliwapima wote, mmoja mmoja. Aliuliza, "Huyu ana ugonjwa gani hasa? Na je, anaweza kufanya nini?" Akawatenga kwa kadiri ya hali zao. Akataka mabweni yapakwe rangi na yawe na mwanga wa kutosha. Akataka pawe na vyuma vya kushika ukutani, na magongo ya kutembelea. Kisha yeye pamoja na wauguzi na walimu wa mazoezi ya viungo wakaanza kuwainua watu vitandani. Leo mtu hukaa ukingoni mwa kitanda miguu ikigusa sakafu. Kesho husimama. Keshokutwa hatua mbili. Hata waliopooza upande mmoja walifundishwa upya kutembea.

Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Watu waliohesabiwa kuwa ni wa kitandani hata kufa walisimama, wakavaa nguo zao, na wengine wakarudi makwao. Vitanda vilivyohitajika vikapungua hata chini ya nusu ya vile vya kwanza. Mwaka 1943 na mwaka 1946 aliandika habari hizi katika magazeti ya waganga, akadai kwamba utunzaji wa wazee uwe elimu yake mbali, kama ulivyo utunzaji wa watoto. Leo hospitali kubwa za nchi nyingi zina madaktari wa wazee, na mara nyingi yeye huitwa mama wa elimu hiyo.

Mwaka 1947 daktari mwingine wa London, Richard Asher, aliandika makala fupi juu ya hatari za kwenda kitandani. Hatari za kwenda kitandani! Watu walizoea kusoma hatari za chui na za moto. Lakini Asher alikuwa akisema kweli tupu, tena kwa mzaha wa kuwachoma waganga wenzake. Alieleza kiungo kwa kiungo mambo yampatayo mtu alalaye mchana na usiku. Mapafu hayapanuki vizuri, makohozi hukaa ndani. Damu huenda polepole katika miguu, nayo yaweza kuganda mshipani. Ngozi hufanya vidonda mahali inapokandamizwa. Misuli hukonda. Viungo hukakamaa. Mifupa hupoteza chokaa yake ikawa myepesi. Choo hakitoki vizuri. Na mwishowe mtu hukata tamaa, hata hataki tena kuinuka.

Soma tena orodha hiyo, ndugu msomaji, kisha jiulize: mambo hayo si ndiyo tuyaitayo uzee?

Mpaka hapo tumesema habari za kitanda. Twende sasa kwenye kiti, maana ndicho chenye hila zaidi. Mtu aliye kitandani anajua kwamba amelala. Aliye kitini hudhani yu kazini.

Siku zile mabasi mengi ya London yalikuwa ya ghorofa mbili, na kila basi lilikuwa na watu wawili wa kazi. Dereva alikaa mbele peke yake. Kondakta alikuwa akipita kwa abiria kukata tiketi, chini na juu, juu na chini, kutwa nzima. Watu hao wawili walikuwa na mwajiri mmoja, mji mmoja, moshi mmoja, na mishahara isiyopishana sana. Tofauti kubwa ilikuwa moja: mmoja amekaa, mwingine anapanda ngazi.

Daktari mmoja aliyeitwa Jerry Morris aliitambua tofauti hiyo, akaona kwamba hapo pana somo. Yeye na wenzake walitazama habari za wanaume yapata 31,000 wa shirika la usafiri la London, wenye umri wa miaka 35 hata 64. Walikaa ndani ya mabasi wakahesabu. Wakaona kwamba dereva alikaa kitako karibu sehemu tisa katika kumi za saa zake za kazi, na kwamba kondakta alipanda ngazi 500 hata 750 kila siku ya kazi. Chukua penseli yako sasa. Ukichukua ngazi 600 kwa siku, kwa siku 5, ni ngazi ngapi kwa wiki? Naam, 3,000. Na kwa wiki 50? Ni 150,000. Bwana huyo alikuwa akipanda mlima na tiketi mkononi, wala hakujua.

Habari hizo zilipigwa chapa mwezi wa Novemba mwaka 1953. Katika kila madereva 1,000, karibu 3 walipatwa na ugonjwa wa moyo kila mwaka. Katika kila makondakta 1,000, walikuwa kama 2. Na waliokufa kwa ghafula kwa ugonjwa huo walikuwa wengi zaidi upande wa madereva, kiasi cha mara mbili.

Msomaji mwerevu atasema, "Ngoja kwanza, Bwana Mwalimu. Huenda watu wanene, wasiopenda kuhangaika, ndio waliochagua udereva. Basi si kiti kilichowadhuru, ni unene waliokuja nao." Umesema vizuri sana, na ndivyo mtu asomaye historia anavyopaswa kuuliza. Morris mwenyewe aliuliza hivyo hivyo. Unajua alikwenda kutafuta jibu wapi? Kwa washona nguo! Shirika lilikuwa likiwapa wafanyakazi sare, na vipimo vya viuno vya suruali vilikuwa vimeandikwa. Kweli, ikaonekana kwamba madereva walikuwa na viuno vikubwa zaidi, hata wale vijana. Lakini alipowalinganisha wanene na wanene, na wembamba na wembamba, makondakta bado walikuwa na nafuu. Habari hiyo ya suruali ilitolewa mwaka 1956. Mimi huipenda kuliko zote katika somo hili, kwa sababu yaonyesha kwamba daftari la fundi wa nguo laweza kuwa kitabu cha historia.

Morris alifuata shauri lake mwenyewe. Alitembea na kuogelea hata uzeeni, akafa mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Pengine utasema kwamba moyo ni jambo moja na miguu ni jambo jingine. La. Moyo ni msuli, na paja ni msuli, na msuli usiotumika mwili haukubali kuulisha bure. Mwaka 1966, katika mji wa Dallas, Marekani, madaktari waliwalaza vijana 5 wenye miaka 20, wazima kabisa, muda wa wiki 3. Hawakuwa na ugonjwa wowote. Walilala tu. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kufanya kazi ulikuwa umeanguka vibaya. Miaka 30 baadaye watu wale wale watano waliitwa tena, nao sasa wana miaka 50, baadhi yao wamenenepa. Wakapimwa. Ikaonekana kwamba zile wiki 3 za kitandani ziliwadhoofisha kuliko miaka 30 ya maisha iliyofuata. Tena, walipofanya mazoezi miezi 6, kwa kutembea, kukimbia polepole na kupanda baisikeli, pumzi yao ilirudi kuwa kama ya ujanani kabla ya kulazwa.

Lakini miaka 50 si uzee. Mtu wa miaka 90 je?

Mwaka 1990 zilitoka habari kutoka nyumba moja ya wazee huko Boston, Marekani. Wazee 10 walijitolea, wenye umri wa miaka 86 hata 96. Walikuwa dhaifu sana. Mara 3 kwa wiki walikaa kitini wakanyosha goti huku mguu umebeba uzito, na uzito ukaongezwa kadiri walivyoweza. Baada ya wiki 8, wale 9 waliofika mwisho walikuwa wameongeza nguvu za miguu kwa asilimia 174, yaani zilizidi mara mbili na nusu. Wawili waliacha fimbo zao. Na katika watatu ambao kwanza hawakuweza kuinuka kitini pasipo kujisukuma kwa mikono, mmoja aliweza. Mmoja tu kati ya watatu, sikufichi. Mazoezi si miujiza. Wala faida yake haiwekwi akiba kama fedha benki: walipoacha kwa wiki 4, karibu theluthi ya nguvu zile ilipotea.

Kuanguka nako kulipimwa. Huko Dunedin, New Zealand, wanawake 233 wenye miaka 80 na zaidi waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilifundishwa nyumbani mazoezi ya kutia miguu nguvu na kusimama imara. Katika mwaka mmoja fungu hilo lilianguka mara 88, na lile jingine mara 152. Habari hizi ni za mwaka 1997. Mtu aliyewahi kumwuguza mama aliyevunjika nyonga anajua maana ya tofauti hiyo.

Haya yote yametoka nchi za mbali. Turudi kwetu, kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini ya Tanzania, wanakoishi Wahadzabe. Katika miaka ya 1980 wataalamu kutoka Marekani walikaa nao wakiandika nani anafanya kazi gani, na kwa muda gani. Wakaona jambo ambalo hawakulitazamia: mabibi wazee, waliokwisha kupita umri wa kuzaa, walikuwa wakichimba mizizi ya chakula saa nyingi kuliko wanawake vijana. Hawakuwa wakichimba kwa kukosa wa kuwasaidia. Ndio waliowalisha wajukuu wakati mama zao wananyonyesha. Mwaka 1989 wataalamu hao waliandika habari za mabibi hao wachapa kazi, na tangu hapo wasomi wengi duniani wamekuwa wakijadiliana juu yao.

Wengine waliofuata waliwapima Wahadzabe mapigo ya moyo, wakaona kwamba hata wazee wao hawana dalili nyingi za ugonjwa wa moyo. Tena, mwaka 2020 ilitolewa habari kwamba Wahadzabe nao hupumzika sana, yapata saa 10 kwa siku, sawa na watu wa mijini. Tofauti ni namna ya kupumzika. Wao huchuchumaa na kupiga magoti mara nyingi, na misuli ya miguu huwa kazini kidogo hata mtu anapopumzika. Kiti chenye mito hakina kazi hiyo. Na kuinuka kutoka chini mara ishirini kwa siku si jambo dogo, jaribu.

Basi sasa nirudi kwenye ile heshima niliyokuomba uiweke moyoni.

Mama wa shamba, anayeteka maji, anayelima, anayetwanga kwa mchi na kinu, hana haja ya mimi kumfundisha mazoezi. Yeye ndiye angenifundisha mimi, mtu wa mezani mwenye miaka thelathini na kitu, ninayehema nikipanda ghorofa mbili. Wengi wa namna yake wanahitaji mapumziko zaidi, si kazi zaidi. Hatari yake iko mbele, siku atakapoacha kwa ghafula. Siku hiyo huja kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ugonjwa. Homa inamlaza siku tano, kisha homa inaondoka, lakini jamaa wanasema, "Usiinuke, bado hujapata nguvu." Nguvu atazipata wapi akiwa amelala? Wiki moja ikawa mbili. Siku anayotaka kwenda uani, magoti yanatetemeka.

Njia ya pili ni upendo. Mwana amepata kazi nzuri mjini. Anampeleka mama kwake apumzike. Anamnunulia kiti laini, anamwekea redio au televisheni, anamwajiri msichana wa kufanya kazi zote. Mama akigusa ufagio, anaambiwa, "Mama, tafadhali, umefanya kazi ya kutosha." Mwana huyo anafanya wema, na majirani wanamsifu. Mwaka unapita. Mama aliyetoka kijijini akipanda basi mwenyewe, sasa hashuki ngazi. Mwana anasema, "Mama amezeeka sana mwaka huu." Je, ni mwaka huu uliomzeesha, au ni kile kiti?

Shauri langu ni kwamba tuwapokee wazee mizigo mizito, tusiwapokee miguu yao. Bibi asibebe debe la maji, lakini aende bustanini kuchuma mchicha wake. Babu asilime eka, lakini barua yake aipeleke posta mwenyewe, mjukuu aandamane naye. Ukimtuma mtoto mahali ambapo mzee angependa kwenda, umemnyang'anya kitu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa maagizo mwaka 2020, nayo ni mepesi kuyashika. Mtu mzima na mzee pia, afanye mwendo wa kumtoa pumzi kidogo kwa dakika 150 au zaidi kwa wiki, yaani kama dakika 20 na kitu kila siku. Na mzee, siku 3 za wiki, afanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara. Asiyeweza kiasi hicho afanye anachoweza. Kidogo ni bora kuliko kukaa kabisa. Lakini mwenye maumivu ya kifua, au kizunguzungu, au mguu uliovimba, aende kwanza hospitali aulize. Na mwenye kuumwa magoti asidhani kwamba ameamriwa akae. Mara nyingi goti lenye maumivu hupata nafuu likitembezwa taratibu.

Ndugu wanafunzi, kazi ya darasa ni hii. Wekeni kiti au kigoda imara, kiegemee ukuta. Kila mmoja akae, akunje mikono kifuani, kisha ainuke na kukaa tena, polepole, mara 5. Wazee waanze, na mtu asimame karibu nao. Asiyeweza bila mikono, atumie mikono, hapana aibu. Katibu wa darasa aandike jina la kila mmoja na idadi ya mara alizoweza. Fanyeni hivyo kila siku ya darasa kwa wiki 8, kama wale wazee wa Boston, na daftari lisipotee. Katika somo lijalo tutajifunza jinsi ya kuchora hesabu hizo kwa mistari, na majina ya darasa lenu ndiyo tutakayoyatumia.